Aliyeniibia akaunti alizungumza Kiswahili chetu cha Lubumbashi

Juzi usiku kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniandikia: "Yaya, mtu wa skwadi yetu ananiomba kode iliyoingia kwa simu yangu. Anasema ni ya kunitumia almasi. Nimupe?" Skwadi ni timu ya mchezo wetu wa simu, Free Fire, na almasi ndiyo pesa ya ndani ya mchezo. Nilimjibu kwa herufi kubwa: USIMPE. Kisha nikakaa na simu mkononi, moyo ukinidunda, maana siku yangu ilipofika mimi sikumuuliza mtu.

Nacheza Free Fire tangu 2019. Mnajua wenyewe: watu 50 wanashuka kisiwani, dakika kumi hivi baadaye anabaki mmoja, au timu moja. Nilifika Heroic, daraja la juu la mchezo, kwa simu iliyopasuka kioo, nikicheza usiku wakati nyumba nzima imelala. Mtaani Kamalondo wadogo walikuwa wananiita kocha, na nilipenda kuitwa hivyo.

Aliyeniibia aliingia skwadini siku mwenzetu mmoja alipokatikiwa umeme. Sauti yake ilikuwa ya nyumbani kabisa. "Mungojeni kwanza, nimalize bukari," alisema (bukari ndiyo ugali wetu), na nyuma yake nikasikia mtoto analia. Akasema yuko Likasi. Nami, kwa furaha, nikamwambia nina tantini (anti) yangu Likasi, anauza makala ya kupikia karibu na soko. Hakuniuliza. Nilimpa mwenyewe, kama mtu anayemwaga maji.

Tulicheza naye wiki tatu. Aliniokoa mara nyingi, nakiri. Ndipo akanitumia linki: almasi 1060 za bure, eti amezipata nyingi mno. Ukurasa ulikuwa wa buluu, wa Facebook kabisa kwa macho yangu, na mchezo nilikuwa nauingia kwa Facebook yangu hiyo hiyo. Nikaandika neno la siri. Simu ikalia, kode ikaingia, nikaiandika nayo. Haikupita dakika tano mchezo ukanitoa. Nikajaribu kurudi, neno la siri si lile tena.

Nililia kwa ajili ya Heroic. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hasara ndogo.

Asubuhi tantini akanipigia. "Mwanangu, mama ameamukaje? Ile pesa ya hospitali ilitosha?" Mama alikuwa uani anafua. Yule mtu, kwa jina langu na picha yangu, alikuwa amemwandikia usiku kwamba mama amezidiwa, na kwamba atume kwa namba nyingine maana simu yangu imeharibika. Tantini akatuma dola 40. Mtaji wake wa makala. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo. Nimemlipa dola nane kila mwezi, miezi mitano, zikaisha zote.

Habari za kuandika barua za malalamiko nazipita. Akaunti haikurudi.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Almasi haziko ndani ya simu yako. Zinahesabiwa kwenye seva (kompyuta kuu) za Garena, wenye mchezo, kwa hiyo hakuna linki wala programu ya mtaani inayoweza kuzizalisha. Anayekupa za bure anataka kitu kingine. Anwani ya ukurasa usiitazame mwanzo wake tu: angalia jina lililogusana na .com ya mwisho, kabla ya mkwaju (alama /) wa kwanza baada ya https://. Kwenye linki yangu Facebook lilikuwa mwanzoni, lakini mwishoni kulikuwa na jina nisilolijua. Kode ni yako peke yako. Skwadi haihitaji kode yako, rafiki haihitaji, hata mimi siihitaji. Na mchezo usiufungue kwa Facebook ile ile yenye mama, baba na tantini. Tengeneza akaunti ya pembeni ya kuchezea, weka uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri, kisha kode) kwenye zote mbili. Kwenye maikrofoni ongea habari za bunduki na zoni. Kartie (mtaa) yako, shule yako, ndugu zako, nyamaza. Kode, nyamaza. Mwizi wa mtandaoni si lazima aongee lugha ya mbali. Anaweza kuwa anakula bukari kama wewe.

Kijana wa Katuba aliniandikia tena asubuhi: kode hakuitoa, ila linki alikuwa ameshaifungua na neno la siri ameshaliandika. Badilisha leo, mdogo wangu, kabla umeme haujakatika. Ingia kwenye mipangilio ya Facebook, toa vifaa vyote usivyovijua. Halafu uwapigie wakubwa wote wa nyumbani, kwa sauti, si kwa ujumbe, uwaambie wasitume pesa mpaka wakusikie wewe mwenyewe.