Muulize Anko: Fed wameshusha, mbona riba ya nyumba imepanda?

*Anko shikamoo. Mimi niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ya kutunza wazee. Septemba 2024 Fed, yaani benki kuu ya Marekani, waliposhusha riba, grupu letu zima la WhatsApp likasema tusubiri, mikopo ya nyumba itashuka. Nikasubiri. Afisa mikopo alikuwa ameshaniambia asilimia 6.1, narudi Januari ananiambia 7. Nikanunua hivyo hivyo maana kodi ilikuwa inanimaliza. Nani kanidanganya hapo? Na nikitaka kurifainansi, yaani kuchukua mkopo mpya nilipe huu wa zamani, nisikilize habari gani?* Dada wa Columbus

Marahaba dada, na pole. Hakuna aliyekudanganya, ila grupu lenu lilikuwa linatazama mlango mmoja na riba ikapitia mwingine.

Riba wanayoshusha Fed ni ile ya benki kukopeshana usiku mmoja, inagusa haraka kredit kadi na mikopo mifupi. Mkopo wako ni wa miaka 30, riba haibadiliki, kwa hiyo anayeutolea hela anajiuliza miaka mingi ijayo itakuwaje, na kipimo anachokiangalia zaidi ni hati fungani ya serikali ya Marekani ya miaka 10, ile karatasi ya deni ambayo anayeinunua anaikopesha serikali. (Kwa nini 10 na sio 30? Kwa sababu watu wengi huuza nyumba au kurifainansi kabla hawajafika mbali.) Juu ya hiyo wanaongeza chao cha hatari na faida, mara nyingi pointi (asilimia) moja na nusu au mbili, na miaka ya karibuni imezidi hapo.

Sasa hati fungani inaendaje? Chukulia fremu ya duka Kariakoo, inaingiza kodi milioni 4.8 kwa mwaka, ukiinunua milioni 60 unapata asilimia 8. Watu wakiigombania ikafika milioni 80, kodi ni ile ile lakini aliyenunua sasa anapata asilimia 6 tu. Hati fungani ndio hivyo hivyo: habari ikiwa mbaya, ajira zimepungua, biashara zinasuasua, wenye hela wanakimbilia serikali, bei ya hati inapanda, faida yake inashuka na riba ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba, inashuka nayo. Habari ikiwa nzuri wanaziuza, wanahofia bei za vitu zitapanda, na riba inapanda. Ndio maana nchi ikitangaza ajira nyingi wewe mnunuzi unaumia, inauma lakini ndio ilivyo.

Turudi kwenye Septemba yako. Fed walishusha nusu pointi tarehe 18, lakini soko lilikuwa linaitarajia wiki nyingi kabla, na wastani wa riba za nyumba wa Freddie Mac, hawa wanaonunua mikopo kutoka kwa wakopeshaji, ulikuwa umeshateremka mpaka 6.08 mwisho wa mwezi. Yaani utamu ulikuwa umeshaliwa wakati nyie ndio mnaanza kusubiri. Halafu Ijumaa ya tarehe 4 Oktoba ikatoka ripoti ya ajira, watu wanategemea ajira mpya kama 150,000, ikasema 254,000! Wiki iliyofuata wastani ukawa 6.32. Ukaja uchaguzi wa Novemba na maneno ya ushuru na madeni ya serikali, halafu Disemba Fed wenyewe wakasema 2025 hawatashusha sana kama walivyodhani mwanzo. Kati ya Septemba na Disemba walishusha jumla ya pointi nzima moja, na katikati ya Januari mogeji ikafika 7.04. Moja inashuka moja inapanda, kwa ukubwa karibu ule ule. Kwa mkopo wa dola 300,000 hiyo ni kutoka kama 1,814 kwa mwezi mpaka 2,004, bila bima wala kodi ya jengo inayolipwa serikalini.

Habari za kusikiliza ni mbili tu, nyingine kelele. Ripoti ya ajira, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na mfumuko wa bei katikati ya mwezi, zote zinatoka saa mbili na nusu asubuhi, simu yako itaandika 8:30. Na usiangalie namba peke yake, angalia imepishana kiasi gani na iliyotarajiwa, maana iliyotarajiwa imeshaingia kwenye riba. Ila sikushauri ukeshe unabahatisha, hata wanaolipwa kwa kazi hiyo wanakosea. Ukiona riba ambayo bajeti yako inaibeba, mwambie afisa aifunge kwa maandishi, na muulize imefungwa siku ngapi.

Kuhusu kurifainansi piga hesabu hivi: gharama zote gawanya kwa unachookoa kila mwezi. Dola 6,000 kwa 190 ni kama miezi 32. Kama unafikiria kuhama Ohio kabla ya hapo, achana nayo.

*Anko, mimi ni wa Ruiru, Kenya. Benki Kuu imekuwa ikishusha riba tangu Agosti 2024. Benki yangu ikipandisha naletewa SMS usiku huo huo, ikishuka kimya. Hii ni haki?* Baba wa Ruiru

Kaka, si wewe peke yako, hata Benki Kuu ililalamika hadharani. Riba yake ilitoka 13 ikafika 10.75 Februari 2025, wakati huo wakaonya benki ambazo hazijashusha kuwa watazitembelea na kuzipiga faini. Utetezi wa mabenki ni kwamba walikuwa wameshachukua amana za watu kwa riba kubwa, na ni kweli kiasi, maana katikati ya 2024 serikali yenyewe ilikuwa inakopa kwa miezi mitatu kwa karibu asilimia 16, nani angeweka hela benki kwa 7? Lakini riba ya hizo bili za serikali za miezi mitatu ilikuwa chini ya 10 mapema 2025, kwa hiyo kisingizio kina mwisho wake.

Tofauti yako na dada wa Columbus ni kwamba mkopo wako unaelea, habari za leo zinakugusa hata kama ulisaini miaka sita iliyopita. Milioni 5 za miaka 20 kwa 16 ni kama 69,600 kwa mwezi, kwa 14 ni kama 62,200. Andika barua, sio kupiga simu, uliza riba yako inahesabiwa kwa kipimo gani na wao wameongeza kiasi gani juu yake. Siku hizi kipimo kinachotajwa ni KESONIA, wastani wa riba ya benki za Kenya kukopeshana usiku mmoja. Na kama bado hujachukua mkopo mwingine, uliza ile inayopitia KMRC, kampuni inayozipa benki hela za kukopesha wanunuzi wa nyumba, riba yake ni ndogo na haibadiliki.

*Na sisi wa Mwanza?* Mjenzi

BoT, Benki Kuu ya Tanzania, ilianza na riba ya 5.5 Januari 2024, ikaenda 6, ikarudi 5.75 Julai 2025. Mikopo ya nyumba huku mara nyingi ni 15 mpaka 19 na haikutikiswa sana na hizo robo pointi. Zunguka benki tatu ukiwa na hati ya kiwanja mkononi, omba kila moja ikuandikie jumla utakayolipa mpaka mwisho, ada na bima ndani.