Re: Njugu mawe zina majani mengi, maganda matupu

Ndugu, umesema uliweka samadi nyingi na urea (mbolea ya naitrojeni), majani yakastawi lakini maganda yako matupu. Tatizo limeanzia hapo. Njugu mawe hujitengenezea naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, kwenye vinundu vya mizizi. Ukiongeza nyingine, mmea unakimbilia majani. Msimu ujao acha urea kabisa. Udongo ukiwa hauna rutuba, mbolea ya fosfeti (yenye fosforasi) kidogo wakati wa kupanda inatosha.

Chagua ardhi ya kichanga isiyotuamisha maji. Mbegu hifadhi ndani ya maganda yake, umenye karibu na kupanda, maana zilizomenywa mapema hubunguliwa upesi. Loweka usiku mmoja, panda sentimita 3 hadi 5 kwenda chini, nafasi sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mimea. Huota polepole, hata wiki mbili, kwa hiyo usifukuefukue kuchungulia.

Kazi kubwa ni kupandishia udongo laini kwenye mashina maua yanapoanza. Ua likishachavushwa, kikonyo chake husukuma ganda ardhini. Udongo mgumu hukizuia. Baada ya hapo palilia kwa mkono, jembe litakata maganda.

Miezi minne hadi mitano, majani yakigeuka manjano, ng'oa machache uangalie kabla ya kuvuna shamba zima.