"Huyu si bure" maana yake nini

Dada, umeuliza kwa nini yule mama wa pweza wa kukaanga pale sokoni Mtwara alikutazama akasema "huyu si bure", na wewe hukuomba cha bure. Hapo bei haimo kabisa. "Si bure" maana yake kuna jambo, ila bado halijasemwa. Juzi jirani yangu hapa Mikindani kaniletea sahani ya korosho zilizobanguliwa, nyeupe, nzima nzima. Mke wangu akanong'ona, "Si bure." Sahani haijaoshwa, jamaa karudi kuazima baiskeli!

Bure ya kutolipa ndiyo unayoijua. Vijana wanaiita dezo, na mtu wa kula vya watu kila siku ni "mpenda dezo", wala si sifa. Bwerere ni ya kumwagika: maembe msimu ukikolea ni bwerere, unaokota hadi unachoka. Halafu ipo bure ya hasara: umekimbia hadi kivukoni kwenda Msanga Mkuu, ukakuta kimeshaondoka, basi umekimbia bure.

Nyie wa Kenya mkimwambia mtu "bure kabisa" mmemtukana, hafai kitu. Huku ukimwambia hivyo muuza ng'onda, samaki wa kukausha, atadhani unauliza bei, akujibu, "Bure kwa mjomba wako."

Na mtu akikwambia "leo niko fri", ile "free" ya Kiingereza, hagawi kitu. Hana kazi tu, kaa mpige soga.