Maswali ya Wasomaji: Tuvisaidieje Vikundi Vidogo Katika Fringe ya Edinburgh?

Kila Agosti mji wa Edinburgh, huko Uskoti, hujaa maonyesho zaidi ya 3,000 ya tamthilia, vichekesho, ngoma na sarakasi. Tamasha hilo, Fringe, lilianza mwaka 1947, pale vikundi 8 ambavyo havikualikwa kwenye tamasha rasmi la mji, 6 vya Uskoti na 2 vya England, vilipotafuta kumbi vyenyewe na kuonyesha kazi zao bila kungoja ruhusa ya mtu. Chama kinacholisimamia kiliundwa mwaka 1958, na hadi leo hakichagui nani aonyeshe. Aliyepata ukumbi na kulipa ada ya usajili anaingia. Uhuru huo ni mzuri, lakini una gharama yake: kikundi cha waigizaji 3 wasiojulikana huonyesha saa ileile na kampuni kubwa zenye mabango kila kona, kwa fedha za mifukoni mwao. Barua zenu za msimu huu nyingi zilihusu vikundi vya namna hiyo.

Ndugu wahariri, nikinunua tiketi ya pauni 12, msanii mwenyewe anapata kiasi gani? – Msomaji, Leicester

Tuhesabu pamoja. Bei ya tiketi kwa kawaida ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, kwa hiyo pauni 2 ni za serikali na 10 ndizo za kugawana. (Zipo kumbi zisizotozwa kodi hiyo, na huko hesabu huwa nafuu.) Mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 60 kwa kikundi na 40 kwa ukumbi. Hapo kikundi kina pauni 6, kabla ya makato ya mauzo ya tiketi.

Kinachoumiza ni sharti la kiwango cha chini. Mikataba mingi husema ukumbi utachukua asilimia 40 ya mapato au kiasi fulani kilichopangwa, chochote kilicho kikubwa. Chukua mfano wa chumba cha viti 50, maonyesho 20, na kiwango cha chini cha pauni 1,500. Ili sehemu ya ukumbi ifikie 1,500 kwa pauni 4 kila tiketi, lazima ziuzwe tiketi 375, yaani watu 19 kila siku. Wakija watu 10 tu kwa siku, tiketi ni 200 na fedha za kugawana ni pauni 2,000. Ukumbi unachukua 1,500 zake, na kikundi kinabaki na 500 badala ya 1,200. Katika hizo 500 bado kuna ada ya usajili, bima, uchapaji, nauli na pango la nyumba, na pango la Agosti mjini Edinburgh ndilo linalomeza kuliko yote.

Kwa hiyo ukiweza, lipa bei kamili, na ununue kwenye tovuti ya Fringe au ya ukumbi wenyewe, kamwe usinunue kwa walanguzi. Kama unastahili punguzo la mwanafunzi au mzee, litumie bila haya, kwani bei hiyo kikundi kimeipanga chenyewe. Na kama kikundi kinachangisha, toa mchango wako Mei au Juni. Amana za ukumbi na nyumba hulipwa miezi kadhaa kabla, na mchango wa Agosti hukuta mkopo umekwisha kuchukuliwa.

Nina likizo ya siku tatu tu. Niende mwanzoni au mwishoni? Nasikia mwanzoni maonyesho huwa hayajaiva. – Dada msomaji, Reading

Nenda mwanzoni, dada. Siku za kwanza kuna maonyesho ya awali yenye bei ya chini, na kwa kawaida huwa na siku ambazo maonyesho mengi hutoa tiketi mbili kwa bei ya moja. Ni kweli kwamba taa inaweza kuchelewa au mwigizaji akameza sentensi. Lakini hizo ndizo siku ambazo wahakiki wa magazeti huanza kuzunguka, na mhakiki akikaa katika chumba chenye watu 4, kichekesho kinachostahili kicheko kinaangukia kwenye kimya. Akiandika vizuri, nyota alizotoa zitachapwa na kubandikwa kwenye kila kipeperushi kwa wiki tatu zilizobaki. Mtazamaji wa siku ya pili ana uzito ambao mtazamaji wa wiki ya mwisho hawezi kuwa nao, hata akilipa zaidi.

Chagua siku za Jumatatu hadi Alhamisi, maana Ijumaa na Jumamosi hata vyumba vidogo hupata watu. Angalia pia saa. Maonyesho ya kabla ya adhuhuri na ya baada ya saa tano usiku ndiyo yenye viti vitupu. Kabla ya kununua, hakiki siku ya mapumziko ya kikundi, kwani vingi hupumzika siku moja katikati ya tamasha. Ukishindwa kufika, mpe tiketi mtu mwingine. Kiti kilicholipiwa kikabaki kitupu huingiza pesa, lakini mwigizaji anacheza mbele ya pengo.

Mwaka jana nilikosa onyesho kwa kupotea njia. Mbona ramani inasema dakika 5? – Msomaji, Birmingham

Ramani bapa hudanganya katika mji huu wa vilima. Barabara ya Cowgate inapita chini ya madaraja ya South Bridge na George IV Bridge, kwa hiyo barabara zinazoonekana kukutana zimepishana juu na chini, na inakubidi utafute ngazi au kichochoro cha kushukia. La pili ni majina. Assembly Rooms iko George Street, upande wa mji mpya, ilhali Assembly George Square iko upande wa kusini, na kati yake ni mwendo wa dakika 20 au zaidi. Pleasance Courtyard na Pleasance Dome nazo ni mahali pawili tofauti. theSpaceUK ina kumbi kadhaa, basi soma maneno yanayofuata jina hilo. Acha nafasi ya dakika 30 kati ya onyesho na onyesho. Mlango ukifungwa, kwa kawaida haufunguliwi tena, kwa sababu katika chumba cha viti 40 mchelewaji hupita karibu juu ya jukwaa.

Maonyesho ya bure yana hila gani? Nitoe nini? – Msomaji, Muscat

Hayana hila. Mfumo wa Free Fringe aliouanzisha Peter Buckley Hill mwaka 1996 unasema msanii halipi ukumbi na mtazamaji halipi mlangoni. Mwishoni msanii husimama na ndoo. Toa kile ambacho ungelipa kwa tiketi. Kama ulifurahi, pauni 5 hadi 10 ni heshima nzuri. Beba noti ndogondogo, ingawa wengi sasa wana pia kifaa cha kadi. Usitoroke wakati wa hotuba ya ndoo, maana mmoja akiinuka, wenzake watano humfuata. Na usimshike msanii kwa mazungumzo mlangoni huku watu wakipita bila kutoa, msubiri nje.

Hamjambo wahariri? Mimi ni mwanafunzi, sina pesa lakini nina wiki nzima na mikono miwili. Nikisaidie vipi kikundi cha rafiki zangu? – Msomaji, Glasgow

Hatujambo, na mikono miwili ndiyo hasa inayokosekana.

Kazi ya kwanza ni vipeperushi. Kosa la kawaida ni kusimama High Street asubuhi na kumgawia kila apitaye kipeperushi cha onyesho la usiku. Vingi huishia kwenye pipa la karibu. Anza kama dakika 90 kabla ya onyesho na usimame karibu na ukumbi, hasa kwenye foleni ya onyesho linalofanana na lenu: watu wa foleni hawana haraka, na wameshaonyesha wanachopenda. Sema sentensi moja inayotaja kisa, mahali na saa: "Ni kisa cha dada wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao, hapo ng'ambo, saa kumi na moja, dakika 50." Kisha nyamaza umsikilize. Akiuliza swali, umempata. Akisema hapana, mshukuru umwachie njia. Nusu saa ya maongezi ya kweli huleta watu kuliko rundo la karatasi 300. Msisimame wanne mkipiga soga wenyewe kwa wenyewe, kwani mpita njia hawezi kuingilia kikao. Vipeperushi vitie kwenye mfuko wa plastiki, Agosti ya Uskoti ina mvua. Wala usibandike karatasi kwenye kuta na nguzo za watu. Mabango yana sehemu zake zilizoruhusiwa.

Kazi ya pili ni ukumbini, na huku ndiko vikundi vinakoumia kimyakimya. Chumba kimoja hupokea maonyesho kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, na kati ya moja na jingine huwa na dakika 15 au pungufu. Ndani ya dakika hizo kikundi kilichomaliza kinaondoa vitu vyake, ninyi mnapanga vyenu, na watazamaji wanakaa. Kwa hiyo mna kama dakika 5 za kupanga na 5 za kuondoa. Fanyeni mazoezi ya kupanga na kuondoa kwa saa ya mkononi, kila mtu akijua anabeba nini na kwa mkono upi. Weka alama za utepe sakafuni kwa viti na meza kama ukumbi unaruhusu. Mandhari yote iwe inaweza kubebwa na watu wawili kwa safari moja na kulala kwenye kona ya stoo, kwani nafasi ya kuhifadhi ni finyu sana.

Mkipewa saa moja, onyesho liwe dakika 55 au chini. Vicheko na makofi huongeza dakika ambazo hazikuwapo mazoezini, na ukumbi una haki ya kuwakatia taa au kuwatoza faini mkipitiliza, maana kila dakika yenu inamrukia anayefuata.

Taa hutundikwa mara moja na kutumiwa na maonyesho yote ya chumba hicho. Tarajia mwanga wa jumla wa rangi ya joto (manjano) na ya baridi (buluu), na pengine taa moja au mbili za peke yenu. Muda wa majaribio ya mitambo ni wa saa chache tu, mara moja. Ingia na orodha ya taa na sauti iliyopewa namba, na neno la mwigizaji linaloashiria kila badiliko. Usipoteze muda huo kucheza onyesho zima. Ruka kutoka badiliko hadi badiliko. Faili za sauti ziwe kwenye kompyuta na nakala kwenye flashi. Vitambaa na mbao za jukwaani vinapaswa kuwa na dawa ya kuzuia moto, na vifaa vya umeme viwe na vibandiko vya ukaguzi, ambao mafundi wa huko huuita PAT. Bila hivyo msimamizi wa ukumbi anaweza kuvizuia siku ya kwanza, na kibatari au mshumaa usiuwashe kabla hajakubali kwa maandishi.

Nina chumba cha ziada hapa Edinburgh. Naweza kuwapa wasanii? – Mama msomaji, Leith

Mama, msaada wa kitanda unazidi wa tiketi mia. Ukiwakaribisha bure kama wageni wako, mambo ni mepesi. Ukiwa mpangaji, pata kwanza ridhaa ya mwenye nyumba. Ukitoza chochote, Uskoti ina sheria ya leseni ya kupangisha kwa muda mfupi, basi waulize halmashauri ya jiji kuhusu leseni au msamaha wa muda kabla ya Agosti. Wape ufunguo wao, maana watarudi saa saba usiku, na mashine ya kufulia. Maleba yaliyoloa jasho hayakauki kwa hewa ya huko kufikia kesho yake, kwa hiyo kamba ya ndani au feni itawaokoa.

Kikundi chetu kina watu 5 na mchezo wa Kiswahili. Tunaota Edinburgh. Tuanzie wapi? – Wasomaji, Mombasa

Anzeni na ukumbi, mapema mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu usajili wa programu ya kuchapwa hufungwa majira ya kuchipua na programu hutangazwa Juni. Ombeni wiki moja, maonyesho 5 au 6, katika chumba cha viti visivyozidi 60. Hakuna anayewalazimisha kukaa mwezi mzima.

Fringe imo katika orodha ya serikali ya Uingereza ya matamasha yasiyohitaji kibali cha kazi, kwa hiyo msanii anaweza kuja kwa viza ya mgeni wa kawaida na kulipwa kwa onyesho lake. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki 3. Ombeni mara tu dirisha hilo linapofunguka. Barua ya ukumbi itaje jina la onyesho, tarehe, saa, na majina ya watu wote 5 kama yalivyo kwenye pasipoti. Ona hatari iliyopo: amana ya ukumbi hulipwa kabla viza haijajulikana. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kwa maandishi ni kiasi gani kitarudishwa mkinyimwa.

Mchezo uchezeni kwa Kiswahili chenu, na tafsiri ya Kiingereza ionyeshwe ukutani, mistari miwili kwa mara moja, kila kipande kikiwa na namba. Anayeibadilisha awe anaujua mchezo kwa moyo, kwa sababu mwigizaji akiruka maneno, yeye lazima aruke naye papo hapo. Plagi za huko ni zilezile za pini tatu bapa mlizozoea Kenya, basi projekta yenu itachomeka bila adapta. Wenzenu wa Kigali na Bujumbura wanunue adapta kabla ya kupanda ndege.