Chini ya Boneti: Oili Gani kwa Giaboksi ya Gari la Zamani?

Babu Fundi wa Ngamiani, Tanga, anajibu maswali ya wasomaji kuhusu magari ya zamani. Safari hii barua nne zimefuatana kama mabehewa, zote zinauliza habari za oili ya gia.

Shikamoo Babu Fundi. Marehemu baba ameniachia Peugeot 404 ya mwaka 1967, ile ya gia za kwenye usukani. Ililala uani miaka sita. Nimeiamsha, injini inaunguruma vizuri, ila gia ya pili inakwaruza. Nilikwenda duka la spea Gerezani, kijana akanipa oili ya GL-5, namba 85W-140. Akasema hiyo ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo mpya, niiweke kwenye giaboksi na kwenye difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Fundi wa mtaani kwetu akasema giaboksi ya Peugeot inatiwa oili ya injini. Nilimcheka. Nani mkweli? – Mrithi, Temeke

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Mkweli ni huyo uliyemcheka. Mrudie, na ukienda usiende mikono mitupu.

Kwenye giaboksi ya 404 Peugeot wenyewe walielekeza oili ya injini, ya aina ya 20W-40. Kwa joto la Dar es Salaam, 20W-50 ya kawaida, isiyo ya sintetiki, inatosha kabisa. Najua kinachokutia shaka: hamsini itawezaje kazi ya mia na arobaini? Hapo ndipo wengi hupotea. Namba za oili ya injini na namba za oili ya gia hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ni kama mtu alinganishe bei ya Nairobi na bei ya Tanga kwa kutazama tarakimu tu, akasahau kwamba shilingi ni mbili tofauti. Oili ya gia namba 90, ikishapata joto, uzito wake ni wa oili ya injini ya 40 hadi 50. Ukichukua 20W-50 mkono mmoja na 80W-90 mkono wa pili, ukazimimina zikiwa na joto la kazi, utapata taabu kuzitofautisha kwa macho. Hiyo 140 uliyopewa ndiyo nzito kweli, na asubuhi itaifanya gia ya pili iwe ngumu zaidi ya ilivyo.

Ila uzito si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni hizo herufi za GL, zinazoonyesha oili ya gia ni ya kazi gani.

Vijana wa madukani wanadhani GL-5 ni GL-4 iliyoboreshwa, kama simu ya mwaka huu na ya mwaka jana. Sivyo. Ni oili za kazi mbili tofauti. Ndani ya giaboksi yako kuna ringi za brasi, hizi za sinkronaiza. Unapoingiza gia, ringi inajisugua kwenye koni ya chuma mpaka vitu viwili vinavyozunguka kwa kasi mbili viwe na kasi moja, ndipo gia inaingia bila kelele. Yaani ringi inaishi kwa kusugua. Sasa GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, mahali ambapo meno ya chuma yanateleza juu ya meno ya chuma kwa shinikizo kubwa sana. Kwa hiyo imetiwa dawa ya salfa na fosforasi, takriban mara mbili ya ile iliyomo kwenye GL-4. Dawa hiyo inaitelezesha ringi isiweze kushika, na zile oili za zamani zenye salfa kali zilikuwa zinaila brasi yenyewe. Za kisasa nyingi haziili tena kiasi hicho, nakubali, lakini kuteleza ni kulekule.

Haya sikuyasoma tu. Mwaka 1983, wakati hata sabuni ilikuwa ya foleni, mwalimu mmoja aliniletea 404 yake hapa Tanga, giaboksi ikiwa kavu. Oili ya injini hakuna mji mzima. Dereva wa lori la mkonge akanipatia lita mbili za oili ya difu, na mimi, kwa ujana na haraka, nikaitia. Mwalimu alirudi baada ya miezi kama sita, gia ya pili na ya tatu zinalia kama kinu. Nilipofungua nati ya chini, oili ilitoka inametameta kama rangi ya dhahabu ya kupaka fremu za picha. Nilidhani ni mwanga wa jua. Nikaipaka kidoleni. Ilikuwa brasi. Ringi nilizitoa zimelainika, mifereji yake imekwisha. Nilizinunua nyingine kwa fedha yangu na mwalimu hakuniuliza kitu, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angenifokea.

Kwa hiyo mwaga iliyomo, tia oili ya injini, tembea kilomita mia mbili tatu halafu uniandikie. Gari lililolala miaka sita wakati mwingine linakwaruza kwa sababu ya oili iliyochacha tu, na hurudi lenyewe. Klachi nayo itazame: ikiwa haiachii vizuri, hakuna oili duniani itakayokusaidia.

Sasa difu, na hapa tafadhali soma mara mbili. Difu ya 404 si kama difu ya magari mengine. Ndani yake kuna skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Bronzi! Halafu kijana anakupa GL-5. Peugeot walielekeza oili maalumu, na asili yake ilikuwa mafuta ya nyonyo, haya haya ambayo bibi zetu walitupakia nywele. Kwenye chuma kinachojisugua na bronzi, nyonyo inashikilia kuliko kitu kingine chochote. Lakini usiende sokoni kununua chupa ya nyonyo mbichi, maana bila dawa zake itaganda kama gundi. Agiza oili iliyotengenezwa kwa gia za skrubu na gurudumu la bronzi. Wauzaji wa spea za Peugeot za zamani wanayo Ulaya, na difu haili nyingi. Na usichanganye: oili ya nyonyo na oili ya kawaida, inayotokana na mafuta ya ardhini, hazipatani, zitajitenga humo ndani kama mafuta na maji ya mchuzi. Kama hujui baba alitia ipi, mwaga yote, safisha, anza upya.

Ukishaitengeneza, kumbuka unaendesha nini. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Gari lako ni la mwaka wa ushindi wake wa pili. Mimi nilikuwa mtoto, na mtaani kila mwenye rimu la baiskeli na kijiti alikuwa Shankland.

Assalaam aleikum mzee wangu. Nina Volkswagen kobe ya 1972, injini 1300, naishi Likoni, Mombasa. Kila fundi anitajia oili yake. Nataka kubadilisha mwenyewe. Ni ipi, na ni lita ngapi? Mara ya mwisho fundi alitia lita moja na nusu akasema imejaa. – Bi Kobe

Waaleikum salaam bibiye, na hongera kwa kushika spana mwenyewe.

Kobe ana giaboksi na difu ndani ya kasha moja, kwa hiyo oili moja inatumikia wote wawili. Tia GL-4, 80W-90. Ukikuta chupa imeandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, ihesabu kuwa GL-5 na uirudishe. Kiasi ni lita 2.5.

Fundi wako hakukudanganya makusudi, kobe ndiye aliyemdanganya. Njia za oili mle ndani ni nyembamba. Ukimimina kwa haraka, oili inajaa upande mmoja, inamwagika tundu la kujazia, nawe unasema basi, kumbe upande wa pili mkavu. Mimina kidogo kidogo. Ikimwagika, pumzika, kanywe kahawa na kashata, urudi umimine tena. Imejaa pale inapofika ukingo wa chini wa tundu baada ya kutulia, na gari liwe limesimama sawasawa, si jeki upande mmoja.

Nati zake zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 17. Nunua kabla hujaanza. Na hili nalisema kwa kila mtu, si kwako tu: fungua kwanza nati ya juu, ya kujazia, kabla hujagusa ya chini. Nimewahi kuitwa usiku Pongwe na mtu aliyemwaga oili yote, halafu nati ya juu ikakataa kata kata kufunguka. Gari likalala palepale siku tatu.

Nati ya chini ya kobe ina sumaku. Ukiitoa utakuta kama masizi ya kijivu yamegandamana. Hayo ni ya kawaida kwa umri wake. Ukikuta kipande kinachoshikika kwa vidole viwili, acha kazi hapo na utafute fundi wa kufungua kasha.

Mzee, nina Land Rover Series III shambani Turiani. Giaboksi inavuja. Jamaa kanishauri nichanganye oili na grisi, mwingine kasema maganda ya ndizi, mwingine pumba za mbao. – Mkulima

Pumba za mbao na ndizi ni mbinu za mtu anayetaka kuuza gari kesho asubuhi. Zinanyamazisha kelele kwa siku chache, kisha zinaziba njia za oili na beringi zinaungua. Grisi nayo haitiririki. Gia zinachimba mfereji ndani yake halafu zinazunguka kwenye mfereji mtupu.

Kabla hujalaumu sili ya nje, fanya hivi. Giaboksi ya Series III inachukua karibu lita 1.5, na transfa nyuma yake, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, karibu lita 2.5, zote EP90 (oili ya gia namba 90) ya GL-4. Kati yake kuna sili. Sili hiyo ikichoka, oili inahama kutoka giaboksi kwenda transfa bila tone kuanguka chini. Wewe unaona giaboksi imepungua, unaongeza, inahama tena, mpaka transfa inajaa kupita kiasi na kuanza kutapika. Watu wanaona hilo tapishi wanasema inavuja. Pima transfa. Ikiwa oili inakumwagikia unapofungua nati ya kupimia, ugonjwa umeupata, na dawa yake ni sili ya kati.

Matone mawili matatu asubuhi chini ya Land Rover usiyahesabu.

Habari za kazi mzee. Mini 1000 inatumia oili gani ya giaboksi? Sioni mahali pa kuitia. – Msomaji, Nairobi

Huoni kwa sababu hapapo. Giaboksi ya Mini imekaa ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inakunywa oili ile ile ya injini. Tia 20W-50, karibu lita 5 pamoja na filta, na ubadilishe kila kilomita 5,000 bila kuchelewa, maana hiyo oili moja inasagwa na gia huku inaungua na injini. Ikiwa kuna mtu aliwahi kukutoza fedha ya oili ya giaboksi ya gari hilo, rudi ukamwombe akuonyeshe alipoitia.