Bi Mkubwa na Bi Mdogo: nilivyowazoesha sungura wangu wawili

Sekunde tano hivi. Huo ndio muda ambao Bi Mkubwa alimvumilia mgeni wake siku ya kwanza. Nilikuwa nimemtoa kitoto, Bi Mdogo, kwenye boksi, nikamweka katikati ya banda, nikachuchumaa pembeni nisubiri wanusane. Bi Mkubwa, jike wa miaka 2 ambaye hakuwahi kumuuma hata mtoto mtundu, akalaza masikio nyuma, akainua mkia, akaruka. Nikachomeka mkono kuwatenganisha. Meno yakaishia kwenye kidole gumba changu, na kovu lipo hadi leo. Kitoto alitoka na mchaniko sikioni. Bahati yangu na yake, kwa sababu sungura mkubwa anaweza kabisa kumuua mdogo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sungura mwenyeji hana habari na kupona, anajua kuvamiwa tu. Ni kweli kwamba sungura hupenda kuishi na mwenzake, lakini ni mnyama wa mipaka vilevile. Chini ya kidevu ana tezi za harufu, na kila anapopitisha kidevu kwenye mguu wa kiti, bakuli au ukingo wa banda, anatia muhuri kwamba hapa ni pake. Jike ambaye hajafungwa kizazi huwa mkali zaidi kwenye banda lake. Mimi nilimwingiza mtoto wa watu chumbani mwa mwenye nyumba bila kupiga hodi, halafu nikashangaa kwa nini kumewaka moto.

Baada ya hapo nilianza upya, polepole, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Kwanza nilimtenga mgeni chumba kingine kwa wiki mbili. Hata angekuwa anapendwa, ningemtenga tu, maana sungura anaweza kuja na maradhi ambayo hayajajitokeza. Tazama pua: kama ina kamasi, au manyoya ya miguu ya mbele yamegandamana kwa sababu anajifutia, hiyo si mafua ya kupuuza. Tazama ndani ya masikio kama kuna utitiri, na tazama nyuma kama amechafuka kwa kuhara. Mhudumie mwenyeji kwanza, kisha mgeni, na unawe mikono katikati. Mgeni aendelee kula kile alichozoea kule alikotoka. Ukitaka kumbadilishia, changanya kidogokidogo kwa siku kadhaa. Tumbo la kitoto ni jepesi kuharibika, na sungura wa umri wowote akikaa nusu siku bila kula wala kunya, usisubiri kupambazuke, mpigie daktari wa mifugo. Na usimchukue kitoto ambaye hajafikisha wiki 8, hata kama anayekuuzia anaapa kwamba ameshaacha kunyonya.

Wiki mbili zilipokwisha niliweka vizimba viwili ubavu kwa ubavu, nikaacha nafasi ya vidole vinne katikati. Usiisahau nafasi hiyo. Sungura huumana pua kupitia wavu, na pua iliyong'atwa hutoka damu utafikiri umechinja.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika, na kazi hiyo ni ya harufu. Nilianza kwa kubadilishana vitambaa vya kulalia, kisha vyombo vya choo, kisha wao wenyewe: kila baada ya siku mbili Bi Mkubwa alilala kwenye kizimba cha mdogo na mdogo akalala cha mkubwa. Usiku wa kwanza Bi Mkubwa alikojoa kila pembe, akamalizia na bakuli la maji. Mara ya pili alikojoa pembe mbili. Mara ya nne aliingia, akanusa, akala nyasi zake kavu. Sikuwa na haja ya kitabu kuniambia kwamba tunasogea. Kilichonipa moyo zaidi ni jioni niliyomkuta amejinyoosha kando ya wavu, amempa mdogo mgongo. Sungura hajinyooshi hivyo kando ya mwenzake anayemwogopa.

Kukutana kwao bila wavu kulifanyika bafuni, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Bi Mkubwa hakuwahi kukanyaga. Hapo hana muhuri wake, kwa hiyo hana cha kulinda. Nilifuta sakafu kwa siki, nikatandika mkeka wasiteleze, nikaweka mafungu matatu ya nyasi, kila moja mahali pake, ili wasigombee moja, na maboksi yenye matundu mawili. Tundu moja ni mtego, maana anayekimbizwa akiingia hana pa kutokea. Mikononi nilivaa glavu nene, na kando yangu nilikuwa na kipande kipana cha kadibodi cha kuteremsha katikati yao. Kidole changu kilikuwa kimeshanifundisha.

Dakika kumi, siku ya kwanza. Ni bora wakatengana wakiwa bado wanakula kwa amani kuliko kusubiri hadi mmoja achoke na kununa. Kufukuzana kidogo si neno, kupandana pia si neno, hata jike humpanda mwenzake kumwonyesha nani mkubwa. Kung'oana shungi la manyoya nako nilikuvumilia. Lakini wakianza kuzungukana kwa kasi, kichwa cha huyu mkiani mwa yule, shusha kadibodi hapohapo, maana kinachofuata ni meno. Vilevile anayempanda mwenzake upande wa kichwa mwondoe upesi. Wa chini akiuma, atauma sehemu za siri, na jeraha hilo si la kutibia nyumbani.

Wiki ya tatu walikuwa wanashinda pamoja. Nikaona nimeshinda, nikawapiga picha nyingi kuliko nilizompiga ndugu yangu yeyote.

Halafu Bi Mdogo akatimiza miezi mitatu na nusu, akaanza kumzunguka Bi Mkubwa miguuni akiguna na kumrushia mkojo. Nikampindua. Korodani mbili, hazina ubishi.

Simlaumu sana aliyeniuzia. Katika wiki 8 dume na jike wanafanana mno, na korodani huwa bado hazijashuka. Najilaumu mimi kwa kutompeleka kwa daktari akaguliwe tena alipokua kidogo. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Ukichelewa kugundua, hutakuwa na sungura wawili, utakuwa na mradi.

Niliwatenganisha siku hiyohiyo. Bi Mdogo akahasiwa na kupewa jina jipya, Bwana Mdogo. Bi Mkubwa naye alifungwa kizazi, jambo ambalo nilikuwa nimelichelewesha, kwa kuwa majike wanaobaki hivihivi huandamwa na saratani ya mfuko wa uzazi wanapozeeka. Dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Daktari aliniambia nihesabu sita, nikahesabu sita, huku kila mmoja yuko upande wake wa wavu.

Kama angekuwa jike kweli, tungeweza kufika palepale kwa njia nyingine. Kitoto huvumiliwa kwa sababu ni kitoto. Kati ya miezi mitatu na sita homoni huamka, na amani uliyoijenga inaweza kuvunjika kwa asubuhi moja. Ndiyo maana leo mtu akiniuliza amtafutie sungura wake mwenzi wa namna gani, simshauri kitoto. Namshauri mkubwa ambaye ameshahasiwa, wa jinsia tofauti na wake, ambaye naye ameshafungwa. Najua kitoto anavutia. Hata mimi alinivutia.

Mara ya pili tulirudi bafuni, siki ileile, mkeka uleule. Safari hii hapakuwa na vita, palikuwa na ubishi wa kimyakimya. Kila mmoja alilaza kichwa chini mbele ya mwenzake, na kwa sungura maana yake ni "nilambe". Wakakaa hivyo, paji kwa paji, kama mawe mawili, hakuna anayekubali kuanza. Siku ya nne Bi Mkubwa akamlamba paji la uso mara tatu, kisha akaondoka kama vile halikuwa kusudi lake. Walipomaliza siku mbili nzima bafuni bila ugomvi, nami nikilala mlangoni, ndipo nilipowahamishia kwenye banda lililosafishwa na kupangwa upya, lisionekane la yeyote.

Juzi Bi Mkubwa alipelekwa kusawazishwa meno. Sungura akirudi nyumbani ananuka dawa, mwenzake anaweza kumwona mgeni na kila kitu kikaanza upya. Nikawabeba wote wawili, boksi moja. Daktari aliuliza mgonjwa ni yupi, kwa sababu Bwana Mdogo ndiye aliyekuwa anatetemeka, kichwa amekichomeka chini ya kidevu cha Bi Mkubwa.