Kukaa na familia mwenyeji: usijifungie chumbani

Ndugu, umeuliza kama ni bora ukae na familia mwenyeji au upange chumba chako kwa miezi mitatu utakayojitolea. Mimi nakushauri familia, bila kusita. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu kujitolea nchi nyingine, lililoanzishwa mwaka 1961, huwaweka wengi wa watu wake kwa familia wakati wa mafunzo, na sababu kubwa ni lugha. Darasani utapata maneno, lakini kuongea utakuzoea mezani.

Nilipokwenda mimi, wiki ya kwanza nilijifungia chumbani kila jioni nikidhani nawapunguzia usumbufu. Kumbe mama mwenye nyumba alidhani sijapapenda kwake. Siku niliyoingia jikoni nikachukua kisu na kuanza kumenya vitunguu, hakusema kitu, alisogeza tu kigoda chake kunipisha. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumbani.

Kabla hujalipa, waulize shirika linalokupeleka ni kiasi gani cha hela yako kinaifikia familia, na nani aliikagua nyumba. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta wengine. Chumba kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Mzio, dawa, vyakula usivyokula, yaseme mapema, maana kukataa sahani iliyokwisha kupakuliwa kunaumiza. Ukichelewa kurudi piga simu. Kuna mtu hatalala mpaka asikie umeingia. Na ukiona hapakufai kabisa, omba kuhamishwa, wala usione aibu.